Sindano kwanza au kisu kwanza? Kisa cha uvimbe wa sentimita 3.4

Nafasi ya upasuaji ilikuwa imeshapatikana: Jumanne, saa mbili asubuhi, saratani ya titi la kushoto. Mgonjwa, mama wa miaka 44, ameshaomba ruhusa kazini, na dada yake mkubwa ameshapanga nani atakaa na watoto. Kilichokuwa hakijakamilika ni ripoti ya kinyama tu, yaani kipande cha uvimbe kilichochukuliwa kwa sindano na kupelekwa maabara. Mistari yote ilikuwa na majibu isipokuwa mmoja. Kwenye mstari wa HER2, protini nitakayoieleza mbele, mwanapatholojia alikuwa ameandika 2+, ambayo kwa lugha ya maabara si ndiyo wala si hapana.

Kwa sababu ya mstari huo upasuaji ukaahirishwa zikiwa zimebaki siku nne. Familia ilikasirika. Dada mtu akamwambia daktari bila kuzunguka: "Saratani mmeiona, chumba cha upasuaji kipo, na wewe upo. Mnangoja nini? Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Swali lake ni la haki, na jibu la "tuachieni wataalamu" halitoshi. Kisa chenyewe nimekiunga kutokana na wagonjwa zaidi ya mmoja ili asitambulike yeyote, lakini vipimo, dawa na mabishano yaliyomo ni yale yale yanayojirudia kila jopo la madaktari wa saratani ya matiti linapokaa.

Mama huyu aligusa uvimbe mwenyewe akioga. Mamogramu na altrasaundi vikaonyesha kitu cha sentimita 3.4 sehemu ya juu ya titi, upande wa kwapa, pamoja na tezi moja ya kwapani iliyonenepa isivyo kawaida. Sindano ikachukua kinyama pande zote mbili: saratani kwenye titi, saratani kwenye tezi. Daraja la 3, maana yake seli zinagawanyika kwa kasi na hazifanani tena na zile za titi zilikotokea. Vipokezi vya estrojeni vilionekana kwenye asilimia 70 ya seli, maana yake homoni hiyo ya kike inaweza kuilisha saratani hii. CT ya kifua na tumbo haikuonyesha kitu, na skani ya mifupa vilevile. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ni hatua ya 2B: ugonjwa umefika kwapani, kwingine haujaonekana. Hedhi bado anapata. Watoto anao watatu na hataki mwingine, kwa hiyo suala la kuhifadhi mayai, ambalo kwa mwanamke mwingine lingetangulia dawa zote, hapa lilifungwa kwa dakika mbili.

Nimesema "haujaonekana" kwa makusudi. Skani haina macho ya kuona seli chache zilizokwisha kuingia kwenye damu na kujificha kwenye mfupa au ini. Mgonjwa mwenye tezi ya kwapa iliyoshikwa anaweza kuwa nazo au asiwe nazo, na hakuna mashine itakayomhakikishia. Ugomvi wote wa nini kitangulie unaanzia hapo.

Zamani ugomvi huo haukuwepo. Mwaka 1894 William Halsted wa Baltimore alieleza upasuaji wake wa kuondoa titi lote, misuli ya kifua na tezi za kwapa kwa mkupuo mmoja. Kwa mtazamo wake saratani ilisafiri kwa utaratibu, kama maji yanayofuata mtaro: titi, kisha tezi, kisha mwili. Ukiwahi kukata mbele ya maji, umeokoa mtu. Kwa mtazamo huo kila siku ya kungoja ni hasara tupu. Dada wa mgonjwa wetu hajawahi kumsikia Halsted lakini anafikiri kama yeye, na nadhani wengi wetu tukishikwa na hofu tunafikiri hivyo hivyo.

Bernard Fisher wa Pittsburgh ndiye aliyeupindua mtazamo huo kwa majaribio. Alishikilia kwamba seli zinaweza kuhama mapema, hata kabla uvimbe haujagusika, na kwamba maisha ya mgonjwa yanategemea zaidi dawa inayozunguka mwili mzima kuliko ukubwa wa eneo lililokatwa. Mwaka 1988 kundi lake likaanza jaribio lililoitwa B-18. Wanawake 1,523, dawa zile zile, dozi nne zile zile; kundi moja likapewa kabla ya upasuaji, jingine baada yake. Vifo vikalingana. Tofauti ilikuwa kwenye titi lenyewe: kati ya waliopewa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, kwanza, asilimia 68 walifanyiwa upasuaji mdogo wa kubakiza titi, na kwa waliokatwa kwanza ilikuwa asilimia 60.

Wapo wanaoishia hapo na kusema mpangilio hauna maana yoyote. Mimi naona wanaisoma B-18 nusu. Wakati ule wagonjwa wa aina zote za saratani ya titi waliwekwa kapu moja, na baada ya upasuaji daktari hakuwa na dawa nyingine ya kubadilishia hata angeona ya kwanza imeshindwa. Halafu jaribio lenyewe liliacha dokezo ambalo baadaye limegeuka kuwa jambo kuu: wale ambao uvimbe wao ulipotea kabisa chini ya dawa, hadi daktari alipokata asikute seli hai, waliishi muda mrefu kuliko waliobakiwa na mabaki. Uvimbe ukiachwa mahali pake wakati dawa inaingia mwilini, unakuwa shahidi. Unaonyesha dawa inafanya nini kwenye seli usizoweza kuziona. Ukiutoa kwanza, umempoteza shahidi huyo, na utamaliza mwaka mzima ukimtia mgonjwa dawa kwa imani tu.

Kabla ya kuingia kwenye jopo, hofu ya dada mtu nayo ipewe haki yake. Mwaka 2018 takwimu za majaribio 10 yenye wanawake 4,756 zilikusanywa pamoja. Baada ya miaka 15, saratani ilikuwa imerudi kwenye titi lile lile au karibu yake kwa asilimia 21.4 ya waliopewa kemo kwanza, na asilimia 15.9 ya waliokatwa kwanza. Vifo vilikuwa sawa. Mengi ya majaribio hayo ni ya zamani, na sehemu ya tofauti hiyo inaelezwa na upasuaji kuwa mdogo mno, hata wengine kutokatwa kabisa baada ya uvimbe kupotea. Funzo lililobaki kwa madaktari wa upasuaji ni kwamba kemo kwanza inadai kazi ya uangalifu zaidi mwishoni. Uvimbe kutoonekana hakumwondolei mgonjwa kisu.

Sasa ile 2+.

HER2 ni protini inayokaa juu ya ngozi ya seli na kuisukuma igawanyike. Takriban saratani 15 hadi 20 kati ya 100 za titi zina protini hiyo kupita kiasi, kwa sababu jeni yake imejinakili mara nyingi. Maabara huanza kwa kupaka kinyama rangi. Rangi ikikolea pande zote za seli ni 3+, ndiyo. Isipokolea ni 0 au 1+, hapana. Ya katikati ni 2+, na hapo lazima kipimo cha pili cha kuhesabu nakala za jeni zenyewe. Kipimo hicho huchukua siku kadhaa zaidi, na mgonjwa huziona siku hizo kama mwezi.

Kikao cha jopo kilikaa Ijumaa. Daktari wa upasuaji alikuwa na hoja ambayo sikuiona nyepesi. Alisema uvimbe huu unakatika leo, titi ni kubwa kiasi cha kubakizwa hata bila kuupunguza, na mgonjwa anataka. Alisema pia kwamba akikata sasa tutajua kwa uhakika tezi ngapi zimeshikwa, kwa sababu kemo ikitangulia picha halisi ya kwapa inafutika. Hilo ni kweli. Unapotanguliza dawa unabadilishana taarifa: unapoteza habari za ugonjwa ulikuwa mkubwa kiasi gani mwanzoni, unapata habari za jinsi unavyoisikia dawa.

Daktari wa kemo akajibu kwa swali moja: "HER2 ikirudi ndiyo, utatamani kuwa umeshaukata?"

Jibu lilijulikana kwa kila aliyekuwa mezani. Kwa uvimbe unaozidi sentimita 2, au wenye tezi iliyoshikwa, ukiwa na HER2, dawa hutangulia siku hizi karibu kila mahali zinapopatikana. Na ikirudi hapana? Hapo ubishi ungefunguka upya. Saratani yenye vipokezi vya estrojeni isiyo na HER2 mara chache hupotea kabisa kwa kemo, kwa hiyo ushahidi wake ni hafifu, na kisu kwanza kingekuwa njia ya heshima kabisa. Kemo pengine angeipata tu, maana ana hedhi, ana tezi na ana daraja la 3, lakini kutangulia au kufuata kungekuwa suala la titi na kwapa zaidi kuliko la maisha. Maana yake, uamuzi wa nini kitangulie ulikuwa umelala wote ndani ya kipimo ambacho hakijarudi. Kukata Jumanne kungekuwa kuamua kabla ya kusoma.

Muuguzi ndiye aliyempigia mgonjwa simu jioni ile, na alichosema kilimtuliza kuliko maelezo yote ya kliniki. Uvimbe wa ukubwa huu, alimwambia, haukuanza mwezi uliopita. Siku saba au kumi hazitaubadilisha. Halafu akaongeza: "Mama, hatujasimama. Wiki hii tunapima moyo, tunachukua damu ya vinasaba, na tunaweka alama kwenye titi na kwenye tezi. Tumeanza." Naona hapo ndipo wengi hukosea. Wanamwambia mgonjwa "subiri", yeye anasikia "tumekuacha".

Vitu vitatu alivyovitaja muuguzi vinafaa kuelezwa, kwa sababu kila kimoja ni kazi inayoharibika ikifanywa kwa kuchelewa.

Moyo kwanza. Dawa za HER2 zinaweza kudhoofisha msuli wa moyo, kwa kawaida kwa namna inayorekebika dawa ikisimamishwa, kwa hiyo eko, yaani altrasaundi ya moyo, hufanywa kabla ya dozi ya kwanza na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Moyo wake ulisukuma nje asilimia 62 ya damu iliyoujaa kwa kila pigo, vizuri kabisa.

Damu ya vinasaba inatafuta kasoro za kurithi zinazoongeza hatari ya saratani ya titi, kwenye jeni za BRCA na jamaa zake. Kwa mwanamke wa miaka 44 ni kipimo cha haki hata kama hakuna historia ya ugonjwa katika ukoo. Jibu huweza kuchukua wiki kadhaa, nalo hubadilisha upasuaji: mwenye kasoro anaweza kuchagua kuondoa matiti yote mawili. Kama angekatwa Jumanne, angekatwa bila jibu hilo, na pengine kurudi tena mezani baadaye. Kutanguliza dawa kunampa mgonjwa miezi minne ya kufikiri kuhusu titi lake akiwa tayari anatibiwa. Faida hii haiandikwi sana, lakini waliopita njia hii huitaja mapema.

Alama ni kipande kidogo cha chuma, kidogo kuliko punje ya mchele, kinachoachwa katikati ya uvimbe kwa sindano yenye ganzi. Bila hicho, dawa ikifanya kazi vizuri mno, daktari wa upasuaji hatajua akate wapi. Hali hiyo si mzaha. Kliniki iliyosahau kuweka alama hujikuta inakisia, au inaondoa titi zima kwa sababu tu uvimbe umetoweka. Ya pili iliwekwa kwenye tezi iliyochomwa sindano, na umuhimu wake utaonekana.

Siku ya nane kipimo kikarudi: nakala 6.8 za jeni kwa kila seli kwa wastani. HER2 ipo. Ubishi ukaisha.

Alianzishiwa dawa nne kwa pamoja, dozi sita, kila baada ya wiki tatu: dosetakseli na kaboplatini kwa upande wa kemo, trastuzumabu na pertuzumabu kwa upande wa HER2. Trastuzumabu iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa saratani iliyokwisha sambaa. Pertuzumabu ina sifa inayohusu kisa chetu moja kwa moja: mwaka 2013 ikawa dawa ya kwanza kuidhinishwa huko kwa saratani ya titi kabla ya upasuaji, baada ya jaribio lililoonyesha kwamba ikiongezwa, waliopotelewa na uvimbe kabisa walipanda kutoka asilimia 29 hadi 46. Kemo za kundi la "dawa nyekundu" ziliachwa nje. Zinaumiza moyo, na jaribio la Uholanzi liitwalo TRAIN-2 lilikwisha onyesha kwamba bila hizo uvimbe hupotea kwa kiwango kile kile.

Dozi ya kwanza ilipita. Ya pili ikamletea kuhara kwa siku sita hadi akawekewa dripu. Pertuzumabu inajulikana kwa hilo. Ya tatu ikasogezwa wiki moja. Nywele zikaenda. Baada ya dozi ya tatu altrasaundi ikapima sentimita 1.9.

Hapo dada mtu akarudi na swali jingine, nalo lilikuwa zuri kuliko la kwanza. Kama uvimbe umepungua, kwa nini usikatwe sasa ukiwa mdogo, kabla haujaizoea dawa? Daktari alimjibu kwamba wangekatiza katikati kama ungekuwa unakua huku dawa zikiingia, jambo ambalo hutokea kwa wachache, na ndiyo sababu wanapima katikati. Uvimbe unapopungua, unamaliza dozi. Ukikata baada ya dozi tatu utakuta mabaki, na hutajua kama ni seli zilizoikataa dawa au seli ambazo hazijapewa muda wa kufa. Ushahidi unakuwa umevurugwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa akisikiliza amefumba macho, akasema tu: "Tumalize."

Jibu la vinasaba likaja wakati wa dozi ya nne, halina kasoro. Uamuzi wa kubakiza titi ukakaa sawa.

Upasuaji ulifanyika wiki ya nne baada ya dozi ya sita. Nafasi hiyo nayo ina mipaka yake: mapema mno chembe nyeupe za damu hazijapanda, na ukivuka wiki nane matokeo huanza kuharibika. Mkononi uvimbe haukugusika tena. Daktari alifuata alama ya chuma, akatoa eneo lililoizunguka, akaenda kwapani.

Kwapani ndipo mpangilio ulipolipa kwa namna ambayo mgonjwa atakaa nayo maisha yote. Mwanamke anayeanza na tezi iliyogusika yenye saratani, akikatwa kwanza, kwa kawaida huondolewa tezi nyingi, kumi na kuendelea, na baadhi yao hubaki na mkono unaovimba. Baada ya dawa, inawezekana kutoa zile za mlangoni tu, zinazopokea maji ya titi mwanzo, na kuziuliza. Shida ni kwamba zinaweza kudanganya. Jaribio liitwalo Z1071 lilikuta kwamba kwa kila wanawake 100 waliobakiwa na saratani kwapani, karibu 13 tezi za mlangoni zilisema hakuna kitu. Hiyo ni nyingi mno. Lakini tezi iliyotiwa alama mwanzoni ilipokuwa miongoni mwa zilizotolewa, kosa lilishuka hadi chini ya 7, na kutoa tezi tatu au zaidi nako kulisaidia. Kwa mgonjwa wetu zilitolewa tatu, na picha ya eksirei iliyopigwa palepale chumba cha upasuaji ikaonyesha kipande cha chuma kikiwa ndani ya mojawapo. Zote hazikuwa na saratani. Iliyotiwa alama ilikuwa na kovu ndani yake, mahali seli zilipokufa.

Kwenye titi palibaki milimita 7 za saratani hai. Kingo safi.

Familia ililipokea jibu hilo kama kushindwa. Miezi minne ya kutapika na kuhara, kisha "imebaki"? Naelewa. Lakini kwa mtu anayefuatilia mpangilio wa matibabu, huu ndio ukurasa muhimu kuliko yote, kwa sababu milimita 7 hizo zilibadilisha dawa.

Kama pasingebaki kitu, angeendelea na trastuzumabu, pamoja na pertuzumabu au bila hiyo, hadi mwaka utimie. Kwa kuwa pamebaki, alihamishiwa trastuzumabu emtansini, ambayo ni trastuzumabu iliyofungiwa sumu ya kemo mgongoni. Inashika HER2, inamezwa na seli, sumu inafunguka ndani. Jaribio liitwalo KATHERINE liliwachukua watu 1,486 wa hali kama yake, wenye mabaki baada ya kutanguliziwa dawa. Baada ya miaka mitatu, asilimia 88.3 ya waliobadilishiwa walikuwa hai bila saratani kurudi, dhidi ya asilimia 77.0 ya walioendelea na trastuzumabu ya kawaida. Miaka saba ilipofika tofauti ilikuwa imeingia hadi kwenye uhai wenyewe: 89.1 dhidi ya 84.4.

Hebu turudi kwenye Jumanne ile. Angekatwa siku hiyo, uvimbe mzima ungeishia kwenye chupa ya maabara. Baadaye angepewa dawa nzuri, na huenda angepona, maana wengi hupona. Lakini zile seli zilizoweza kuvumilia dozi sita zisingejulikana kwa mtu yeyote, na sababu ya kumpa dawa ya pili isingekuwepo. Wenye saratani ya titi isiyo na vipokezi vya estrojeni wala HER2 wana mlango unaofanana. Jaribio la Japani na Korea Kusini liitwalo CREATE-X liliwapa wenye mabaki vidonge vya kapesitabini, na waliofaidika zaidi walikuwa wa aina hiyo. Mlango huo nao hufunguka kwa aliyetanguliza dawa.

Ila nisieleweke vibaya. Mwanamke mwenye HER2 lakini uvimbe wa sentimita 1.2 na kwapa safi ningemwombea kisu kwanza bila kusita. Kwa wagonjwa 406 wenye uvimbe usiozidi sentimita 3 bila tezi, waliokatwa kisha wakapewa paklitakseli na trastuzumabu tu, asilimia 98.7 walikuwa salama baada ya miaka mitatu. Ukimtanguliza mtu kama huyo kwenye dawa nne, unamtesa kwa ushahidi ambao hauhitaji. Kadhalika mama wa miaka 70 mwenye uvimbe mdogo wenye vipokezi vya estrojeni, daraja la 1: kisu, kisha kidonge cha homoni.

Baada ya upasuaji yalibaki matatu: sindano mpya, ile trastuzumabu emtansini, dozi 14, mionzi, na dawa ya homoni. Watu hudhani hapa mpangilio umekwisha.

Mionzi ilisubiri kovu lipone. Ingeweza kuingia mapema? Mwaka 1996 Boston walichapisha jaribio la wanawake 244 waliokwisha katwa: walioanza na mionzi walipata saratani ya mbali zaidi, asilimia 36 dhidi ya 25 katika miaka mitano, kuliko walioanza na kemo. Walipofuatiliwa kwa takriban miaka 11 tofauti hiyo haikuonekana tena. Mazoea ya kemo kabla ya mionzi yamebaki, nami sioni sababu ya kuyagombania. Trastuzumabu emtansini yenyewe ilitolewa sambamba na mionzi katika KATHERINE, kwa hiyo hakuna aliyemsubiri mwenzake.

Mabishano ya mwisho ya jopo yalikuwa mionzi iishie wapi. Titi, hakuna aliyepinga, kwa kuwa limebakizwa: vipindi 15 na nyongeza kwenye eneo la kovu kwa sababu ya umri. Daktari wa mionzi alitaka pia juu ya mfupa wa mtulinga na kwapani, kwa hoja kwamba tezi iliwahi kushikwa, na kilichowahi kushikwa hakisahauliki. Mwenzake akaleta jaribio B-51, wanawake 1,641 walioanza na tezi yenye saratani na kumaliza dawa tezi zikiwa safi. Kuongeza mionzi ya tezi hakukuwapunguzia kurudi kwa ugonjwa katika miaka mitano. "Miaka mitano kwa saratani ya estrojeni ni mapema," alisema wa kwanza, na hapo ana hoja, maana aina hii hurudi hata mwaka wa kumi na mbili. Mgonjwa alielezwa pande zote mbili, akauliza kuhusu mkono wake, akachagua titi peke yake.

Dawa ya homoni iliwekwa mwisho. Kwa wagonjwa walioacha hedhi, jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2009 lilielekea kuonyesha kwamba tamoksifeni, kidonge cha kuzuia estrojeni isifanye kazi kwenye seli, ikichanganywa na kemo inafanya kazi kidogo kuliko ikifuata baada yake, na tangu hapo imezoeleka kusubiri. Kwa mama huyu mwenye hedhi na hatari kubwa, walichagua sindano ya kila mwezi ya kulaza ovari pamoja na kidonge cha kuzuia estrojeni isitengenezwe mwilini. Mionzi ilipokwisha ndipo alipozianza dawa hizo, akiwa na dozi tisa za sindano mpya mbele yake.

Siku ya kukabidhiwa kidonge dada mtu alikuwepo. Alikigeuzageuza kiganjani, akauliza kitamezwa miaka mingapi. Mitano, akaambiwa, pengine zaidi. "Na hiki kingeweza kutangulia?" Daktari akacheka, akavuta kiti, akaanza kumweleza.